Nyaya Mbele ya Jua

Kwa miaka kumi na minne mwanamke huyu alipiga picha za watu waliokatazwa kucheka. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chini ya jengo la ghorofa tatu: pazia jeupe, stuli ya kuzunguka, taa mbili zenye miavuli, na kioo kidogo ambacho wateja walijitazamia kabla ya kukaa. Picha za pasipoti, za vitambulisho, za vyeti. "Tazama mbele. Kidevu chini kidogo. Usicheke." Alilisema neno hilo mara nyingi hata mtaa mzima ukamwita Usicheke, na watoto wa shule wakipita mlangoni hununa makusudi, halafu hutimua mbio. Mwenyewe alikuwa mtu wa kucheka sana, lakini nani angeamini.

Siku moja alikuja daktari wa meno wa mtaa wa pili kupiga picha ya leseni. Alipokuwa akisubiri ikauke akaona nyuma ya mlango picha iliyosahauliwa: kunguru juu ya antena, jua likizama nyuma yake, ndege mweusi tii kama aliyekatwa kwa mkasi.

"Hii umepiga wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini ni mweusi hivi?"

"Kunguru ni mweusi, daktari. Lakini hata angekuwa mweupe angetoka hivyo. Ukimpiga ndege akiwa kati yako na jua, rangi zote zinakufa, linabaki umbo lake tu."

Daktari akaitazama tena. "Nataka ya namna hii, kubwa, ya ukuta mzima wa chumba changu cha kungojea. Ila si kunguru. Watu wanakuja kwangu tayari roho mkononi, nisiwatundikie kunguru. Nataka wale wakubwa wanaopita kila mwaka. Wengi. Ndege na jua, basi. Sitaki nyumba, sitaki waya, sitaki antena."

Wakubwa wale walikuwa korongo. Kila mwaka walipita juu ya mji kwa siku kumi, kumi na mbili hivi, wakitoka nchi za baridi. Jioni walishuka kulala kwenye tindiga, kile kinamasi cha upande wa machweo, asubuhi hewa ikipata joto wakaondoka. Usicheke aliipokea kazi ile kwa mikono miwili. Ilikuwa ya kwanza katika miaka yote hiyo ambayo hangehitaji kumkunjia mtu uso.

Aliishi na mumewe ghorofa ya tatu ya jengo lilelile, na juu ya vyumba vyao palikuwa na paa la saruji, kamba za kuanikia nguo na tangi jeusi la maji. Kutoka pale uliona mabati ya mtaa, kisha kituo cha mafuta chenye bango kubwa la taa, kisha tindiga lenye matete marefu kuliko mtu. Na juu ya matete, kutoka nguzo hadi nguzo, zilikatiza nyaya tatu za umeme zilizoleta moto mjini.

Jioni ya kwanza jua lilikuwa zuri na korongo walikuja zaidi ya mia. Alipiga picha sitini. Katika sitini zote nyaya zilikuwemo, zimewapita ndege vifuani kama mistari ya daftari. Akafuta zote.

Jioni ya pili alihamia kona ya pili, nyuma ya tangi. Nyaya zikapungua, lakini bango la kituo cha mafuta likaingia upande wa kushoto, jekundu, limeng'aa kuliko jua lenyewe. Akafuta.

Jioni ya tatu palikuwa na wingu. Akasimama saa nzima akilitazama lile wingu kama mtu anayemdai. Nyuma yake mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao tangu mwaka uliopita, alikuwa akianua nguo.

"Mama Pacha," alisema bibi, maana Usicheke alikuwa na pacha wawili, wote wako shule ya bweni. "Bado unawasubiri kunguru wako?"

"Si kunguru, mama. Ni korongo."

"Mwenye njaa akipewa hao wawili hatauliza majina."

Mara bango la kituo cha mafuta likazimika, na madirisha ya mtaa mzima yakazimika nalo. Bibi akaziachia nguo zilizokuwa mkononi. Saa hiyohiyo tamthilia yake ilikuwa ikianza kwenye runinga.

"Tena!" akalia. "Siku ya ngapi hii? Mwanangu mwenyewe ndiye fundi wa umeme, na mimi mama yake nakaa gizani kama popo!"

Ilikuwa kweli. Mumewe Usicheke, Baba Pacha, alikuwa fundi wa nyaya kubwa katika kampuni iliyoupa mji umeme. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Ukimuuliza jambo leo, jibu utalipata kesho, nalo fupi. Wiki iliyopita yeye na wenzake watatu walikuwa wamebadilisha vikombe vya kauri vinavyoshikilia nyaya kwenye nguzo za tindigani. Siku mbili baadaye umeme ulianza kukatika kila jioni, kabla tu ya giza kuingia. Ulikuwa ukirudi baada ya robo saa, wakati mwingine nusu. Wakaguzi walikwenda mchana, wakazitazama nguzo kwa darubini, hawakuona kitu. Mhandisi wa kampuni akahitimisha kwamba kazi ya vikombe ilifanywa ovyo.

Usiku ule Baba Pacha aliweka bahasha mezani, akaendelea kula. Usicheke akaisoma. Mumewe alikuwa amezuiwa kupanda nguzo, na Ijumaa alitakiwa kufika mbele ya kamati ya nidhamu kueleza uzembe wake.

"Uzembe?" akasema Usicheke. "Wewe, ambaye unakaza mfuniko wa chupa ya maji mpaka sisi wengine tunashindwa kuufungua? Umevikagua hivyo vikombe?"

"Mara mbili."

"Ukaona nini?"

"Vimekaza."

"Sasa Ijumaa utawaambia nini?"

Baba Pacha akatafuna, akameza. "Nitawaambia vimekaza."

"Basi?"

"Basi."

Usicheke akamgeukia mama mkwe kutafuta msaada. Bibi akapandisha mabega. "Wanasema kimya kingi kina mshindo. Cha huyu mwanangu nimekisubiri miaka arobaini, hakijatoa hata mlio."

Jioni ya nne ilikuwa mbaya kuliko zote. Daktari wa meno alipiga simu mara mbili mchana kuuliza picha yake, na mara ya pili alitaka kujua kama ndege wanaweza kugeuka waelekee kulia, kwa kuwa mlango wa chumba cha matibabu uko kulia. "Nitawaambia, daktari," alijibu Usicheke, akakata simu kabla ulimi haujamponza. Alipopanda paani alikuta bibi ametundika shuka tatu mbele kabisa ya mahali pake. Alizisogeza. Jua lilikuwa limevimba, rangi ya kiini cha yai, na korongo walikuwa wanakuja. Wakashuka chini mno, wote katikati ya nyaya. Umeme ukakatika. Kutoka chini sauti ya bibi ikapanda ngazi. Usicheke akafuta picha zote bila kuzitazama vizuri, akakaa juu ya ndoo, akaona machozi ya hasira yakimtoka, akayafuta nayo.

Siku ya tano, Alhamisi, alipanga vita. Aliiweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akaifunga kwa kamba isitikisike, akaipanga ipige picha mfululizo, nyingi kwa sekunde moja, muda wote atakaokuwa amebonyeza. Alijiambia kwamba kati ya mia tano haitakosekana moja ambayo ndege wote wako juu ya nyaya. Bango la kituo cha mafuta aliliacha kwenye kona. Hilo angelikata baadaye.

Korongo walikuja wakiwa safu ndefu, mabawa yametulia. Akabonyeza. Wa mbele walipita juu, salama, wazuri mno. Wa nyuma walikuwa wamechoka, wakaanza kushuka kabla ya wakati, miguu inaning'inia. "Pandeni," aliwaambia kwa meno yaliyofungwa. "Pandeni, jamani, mita mbili tu." Hawakupanda. Mji ukazimika. Chini mlango ukabamizwa, na bibi akaanza.

Usicheke akaichomoa kamera na kuanza kufuta palepale, moja baada ya nyingine, kidole kikigonga kwa chuki. Waya, futa. Waya, futa. Akafika kwenye picha moja, kidole kikasimama hewani.

Korongo mmoja alikuwa kati ya nyaya mbili, mabawa yamekunjuka yote. Ncha ya bawa moja iligusa waya wa juu, la pili likagusa wa kati. Kwenye ncha ya juu palikuwa na nukta nyeupe, kali kama nyota. Kona ya kushoto bango la kituo cha mafuta lilikuwa linawaka.

Akasogeza mbele picha moja. Ndege alikuwa ameinama, mabawa yamelegea, hana tena umbo la ndege. Bango lilikuwa jeusi.

Akarudi nyuma, likawaka. Akaenda mbele, likazima.

"Baba Pacha!" aliita kwa sauti iliyomfanya hata bibi anyamaze. "Panda huku! Sasa hivi!"

Mumewe alipanda akiwa na tochi. Alipokea kamera, akatazama. "Rudisha," akasema. Usicheke akarudisha. "Tena." Akatazama mara nne. Kisha akakaa juu ya ndoo.

"Ndege akitua kwenye waya mmoja hadhuriki," alisema polepole, na kwake hayo yalikuwa maneno mengi. "Akigusa mbili kwa pamoja, umeme unapita mwilini mwake. Swichi ya kule kituoni inajikata. Hawa mabawa yao ni marefu kuliko mimi nikilala." Akaelekeza tochi tindigani. "Anaanguka kwenye matete. Mchana hakuna anayemwona."

"Wiki nzima mnatafuta kosa kwenye vikombe."

"Ndiyo." Akamtazama mkewe. "Umesimama hapa jioni ngapi?"

"Tano."

"Na jioni hizo nyingine hukuwaona?"

Usicheke akaizima kamera. Jioni nyingine pia aliwaona wakidondoka, akadhani wanatua. Aliwalaani kwa kuharibu picha, akawafuta, akashuka kula chakula cha usiku. Walikuwa wanakufa katikati ya kioo cha kamera yake, naye akilalamikia mistari.

Ijumaa alifungua studio alfajiri, akachapa picha mbili zile kwa ukubwa wa karatasi ya ofisini, na nyingine mbili zilizofuata. Alipotoka akamkuta mumewe mlangoni, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Nipe, nitawapelekea," alisema Baba Pacha.

"Nitakuja nazo mwenyewe."

"Kikao ni cha wafanyakazi. Si vizuri mke..."

"Nikikuachia utaziweka mezani kwa utaratibu, ukae kimya, wazifunike na faili. Twende."

Ofisi ya kampuni ilikuwa na korido ndefu yenye viti vya plastiki. Karani alimwambia Usicheke kwamba asiyeitwa haingii. Usicheke akakaa. Baada ya dakika kumi alisikia kupitia mlango sauti ya mhandisi ikiuliza swali refu, kisha sauti ya mumewe: "Vimekaza." Akainuka, akampita karani, akafungua mlango.

Walikuwa watatu nyuma ya meza. Mhandisi, mtu mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, akainua uso. "Mama, hapa kuna kikao."

"Nimeona. Shikamooni. Mimi ni mkewe, na ni mpiga picha. Naomba mtazame hizi, halafu nifukuzeni."

Akazipanga mezani kwa mfuatano. Mhandisi akavaa miwani, akainama, akasoma kwanza tarehe iliyojichapa kwenye kona ya chini. "Hii inasema saa tisa alfajiri. Na mwaka si huu."

Usicheke akafumba macho kidogo. Tangu anunue kamera ile mkononi mwa mtu hakuwahi kuipanga saa yake. "Saa ya kamera ni mbovu," alikiri. "Jua si bovu. Liko upande gani hapo, wa mawio au wa machweo?"

"Na hii nukta? Inaweza kuwa vumbi kwenye lenzi."

"Mheshimiwa," alisema Usicheke, na uvumilivu wote uliombakia aliutia katika neno hilo moja, "vumbi halizimi taa za kituo cha mafuta. Tazama kona ya kushoto. Hapa linawaka. Hapa limezimika. Kati ya picha hizi mbili hata kope hujapepesa."

Mhandisi akatazama kona ya kushoto. Akachukua picha moja, akaweka, akachukua nyingine. Mwanamke aliyeketi pembeni yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kumbukumbu, aliacha kuandika akasogeza kiti aone.

"Mbona hukusema?" mhandisi alimuuliza Baba Pacha hatimaye, kwa ukali, kana kwamba hilo nalo lilikuwa kosa.

"Nilisema vimekaza."

Mchana ule waliingia tindigani: Baba Pacha, wenzake watatu wa vikombe, mhandisi akiwa amekunja suruali, na Usicheke na kamera yake, ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia abaki. Maji yalifika magotini. Walitafuta chini ya nyaya kwa saa mbili wakiyapasua matete kwa mikono. Walipata korongo kumi na saba. Wengine walikuwa wameshaliwa na kenge, wamebaki manyoya na midomo mirefu myekundu. Mmoja alikuwa wa jana, mwili haujaguswa, macho wazi. Alikuwa mweupe mno. Usicheke aliwapiga picha wote mmoja mmoja, kwa ajili ya ripoti, na hizo hakufuta hata moja.

Barua ya kwanza ilifutwa kwa barua nyingine, yenye jina la mumewe limekosewa herufi mbili na bila neno la samahani hata moja. Usicheke alitaka kuirudisha. "Acha," alisema Baba Pacha, akaiweka ndani ya kabati, naye alikuwa amekwisha kurudishiwa mkanda wake wa kupandia nguzo.

Kampuni iliamua kutundika visahani vya plastiki kwenye nyaya, vyeupe na vyekundu, vya kuzunguka kwa upepo, ili ndege wazione nyaya kutoka mbali. Ilikuwa kazi ya siku tatu. Hadi imalizike, umeme ungezimwa kila jioni kuanzia saa kumi na moja, ndege wapite salama. Mji ulilaani. Bibi, aliyekuwa na kipindi cha mwisho cha tamthilia siku ya pili, aliwaambia majirani kwenye ngazi kwamba amezaa mtoto anayewajali ndege kuliko mama yake. Hata hivyo alilisema kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, akahakikisha kila mtu anajua ni mtoto yupi.

Jioni ya tatu korongo walikuwa wamepungua. Msafara ulikuwa unakwisha. Usicheke alipanda paani, akasimama hapohapo. Mafundi walikuwa bado juu ya nguzo, wanamalizia kipande cha mwisho. Jua lilipogusa matete, kundi dogo likatokea, kama thelathini hivi, chini kama kawaida yao. Visahani vilikuwa vinazunguka. Ndege wa mbele akainua shingo. Akapiga mabawa mara moja, mara mbili, akapanda, na wote nyuma yake wakapanda, wakapita juu ya nyaya na juu ya kichwa cha mtu aliyekuwa kileleni mwa nguzo, ambaye alikuwa ameacha kufanya kazi. Usicheke akabonyeza mara moja tu.

Daktari wa meno aliishika picha ile kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani.

"Kuna mtu juu ya nguzo," alisema.

"Yupo."

"Na waya. Na sijui sahani hizi."

"Zote zipo, daktari."

"Si nilisema ndege na jua?"

Usicheke alikuwa amelala jumla ya saa nne tu kwa siku mbili mfululizo, na magoti yake yalikuwa bado yana mikwaruzo ya matete. "Ulisema," alijibu. "Basi ndege wameondoka. Mwakani njoo upande nao paani, uwapange wewe. Na uwaambie waelekee kulia."

Daktari aliondoka akiwa hajui kama ametukanwa au amealikwa. Usicheke akaitundika picha mwenyewe, ukutani mwa studio, badala ya kalenda.

Jioni Baba Pacha aliingia, akavua viatu, akaiona. Alisimama mbele yake kwa muda mrefu, mikono nyuma. Usicheke alingoja. Alikuwa na hamu ya kweli ya kujua. Ndege thelathini walipita juu ya kichwa cha mtu huyu, karibu kiasi cha kuwagusa, ndege waliokaribia kumpokonya kazi, na yeye ndiye aliyewatundikia kinga.

"Wewe huyo," alisema Usicheke. "Walipokupita juu, ulisikiaje?"

Baba Pacha akafikiri. Akaikaribia picha, akamtazama yule mtu mweusi mdogo juu ya nguzo nyeusi.

"Kulikuwa na upepo," alisema.

"Upepo?"

"Wa mabawa."

Kisha akaokota viatu vyake, akapanda ngazi kwenda kuoga. Usicheke alibaki amesimama katikati ya studio, kitambaa cha kufutia lenzi mkononi, akingoja kama kuna neno jingine litakalofuata. Alimngoja mpaka akasikia maji yakimwagika huko juu.